Mwalimu Aliyetunyima Supu

Taarifa ya kifo cha mwalimu ilinikuta nikiwa na chapati mdomoni. Ilikuwa Jumapili asubuhi, niko kwenye banda la supu hapa kwetu Yombo, bakuli la supu ya makongoro ya ng'ombe mbele yangu linafuka moshi, simu ikaita. Nilimsikiliza aliyepiga hadi mwisho, nikasema inna lillahi, na kabla machozi hayajapata njia mkono wangu ulikuwa umeshaisukuma ile chapati iliyobaki chini ya kisahani. Nilikuwa namficha nani? Mwenyewe ndiye huyo ameshaondoka. Lakini mwenye banda naye, nilipomwambia habari, jambo la kwanza alilofanya ni kulifunika sufuria lake la supu kwa haraka, kama mtoto aliyefumaniwa jikoni. Tukatazamana, wazee wazima wenye wajukuu, kila mmoja na kosa lake mkononi, na tukaanza kucheka. Tulicheka mpaka wateja wakageuka kutuangalia. Kulia kulikuja katikati ya kicheko, na vyote viwili vikaendelea pamoja kwa muda.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba safu hii ya gazeti haihusu michezo. Mimi na mazoezi tulikuwa tunajuana kwa mbali tu, mpaka huyu bwana alipotuingilia. Alikuwa akifundisha baiolojia na somo la michezo katika shule ya sekondari ya kutwa iliyo jirani na kwangu. Kwao ni Mbulu, huko wanakotoka wakimbiaji, na kwa sababu hiyo alipohamia mtaani kila mtu alimchukulia kuwa ni bingwa aliyestaafu. Vijana walimpisha njiani wakidhani anajiandaa kuchomoka. Ukweli ni kwamba sikuwahi kumuona akikimbia hata siku moja. Mvua ikinyesha alitembea, akifika amelowa alisema maji ya mvua hayaui. Alichokijua ni namna mwili unavyofanya kazi: upewe nini, uchoshwe lini, uachwe upumzike kiasi gani. Hayo ndiyo aliyowafundisha watoto wa kidato cha tatu na cha nne, na aliyafundisha kwa furaha ya mtu anayetoa siri za jirani. Aliingia darasani na dagaa, karanga, muhogo na ndizi mbivu ndani ya mfuko wa rambo, akavipanga mezani, akawauliza wanafunzi nani kati ya hawa anakimbia na nani anajenga nyumba. Siku kijana mmoja alipouliza kuhusu yale makopo ya unga wa kutunisha misuli yenye picha ya mwanaume mwenye kifua kama mlango, mwalimu alilinyanyua fungu la dagaa la sokoni Tandika na kusema, "Huyu hana picha, lakini kazi ni ile ile."

Sasa kulikuwa na tatizo. Mkuu wa shule, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuwa amemwita na kumweleza kwamba mwakani kile kipindi cha michezo kitaliwa na hisabati. Matokeo ya hisabati yalikuwa yanatia aibu, na kuhusu michezo, mkuu alisema watoto wanajua kukimbia toka walipozaliwa. Mwalimu alibishana naye, hakufua dafu. Mwishowe mkuu alimwachia mlango mdogo: kama wazazi wenyewe, kwenye mkutano wao wa mwisho wa mwaka, watasema wanakitaka kipindi kile, kitabaki. Mkuu alisema hivyo akijua fika kwamba hakuna mzazi wa Yombo atakayesimama mkutanoni kutetea kuruka kamba.

Mwalimu alirudi darasani akabadilisha mtihani. Aliwaambia wanafunzi kwamba mwaka huu hakuna atakayejipangia mazoezi yake mwenyewe. Kila kundi litamchukua mtu mzima, au watu wazima, litawapangia mazoezi na chakula, na maksi zitatoka kwenye miili ya watu hao. Na ndipo sisi wa klabu ya joging tulipoingia mtegoni. Asiyekaa Temeke nimfafanulie: huku kwetu kila mtaa una klabu yake. Jumamosi alfajiri tunavaa fulana za rangi moja, tunakimbia barabarani tukiimba mchakamchaka, tunaamsha watu waliolala, kisha tunaenda kunywa supu. Nikiwa mkweli, wengi wetu tulikuwa tunakimbia kwa ajili ya hiyo supu. Mwenye banda ndiye aliyekuwa katibu wetu, na bintiye wakati huo alikuwa kidato cha tatu kwa mwalimu. Klabu yetu ikaangukia mikononi mwa huyo binti.

Siku ya kwanza alikuja na sare yake ya shule, soksi zimevutwa hadi magotini, akasimama mbele yetu akapiga magoti kidogo. "Shikamooni baba zangu, shikamooni mama zangu." Tuliitikia kwa sauti ya kumbembeleza, marahaba mwanangu, tukimuona mtoto. Akasimama wima. "Kuanzia leo hakuna supu kabla ya jasho. Na baba, shikamoo tena, hilo sufuria lako litafunguliwa tukishamaliza." Baba yake alitutazama kutafuta msaada. Tukamgeukia mwalimu, aliyekuwa amekaa pembeni juu ya kreti la soda akimenya karanga. Tukamwambia mwalimu, huyu mtoto anatufungia biashara na furaha kwa pamoja, sema neno. Alitoa jibu ambalo baadaye tulilizoea mpaka tukawa tunataniana nalo hata misikitini na makanisani: "Mie siyajui hayo. Muulizeni kocha."

Hakuwahi kujibu swali letu hata moja. Ukimwambia goti linauma, muulize kocha. Ukimuuliza kama ndizi inaliwa kabla au baada, muulize kocha. Alifundisha darasani, na akishatoka nje ya darasa alifunga mdomo, na yule binti ilimbidi asimame mwenyewe. Naye alisimama. Alitupangia siku za kukimbia taratibu, siku za kuvuta matairi ya lori yaliyojazwa mchanga, na siku za kupumzika. Hizo za kupumzika ndizo zilizotushinda. Watu wa umri wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba aliyelala mchana ni mvivu. Kuambiwa na mtoto wa shule "anko, leo kaa tu" kulitupa wasiwasi. Baba yake alifumaniwa nyuma ya banda siku ya mapumziko akiruka kamba kwa kuibia. Binti alimsimamia, mkono kiunoni. "Baba, unanifelisha." Mzee akaiweka kamba chini na kwenda kukaa.

Kilichokuwa mbele yetu ni bonanza. Kila mwaka klabu yetu na klabu moja ya Chamazi tunatembeleana, mwaka huu kwetu, mwaka ujao kwao, na mashindano makubwa ya siku hiyo ni kuvuta kamba. Na kila mwaka, kadiri wazee wa zamani wanavyokumbuka, mwenyeji ndiye anayeshinda. Tukienda kwao tunaburuzwa kama magunia ya mkaa. Wakija kwetu tunawaburuza. Jambo hili lilikuwa na maelezo yaliyokubaliwa na pande zote: mwenyeji anafukia kitu uwanjani. Nini hasa, hakuna aliyewahi kukiona, lakini hakuna aliyekuwa na shaka. Mwaka ule tulikuwa wageni, na ndani ya klabu kulikuwa na kamati ya siri iliyokuwa ikijadili kumpeleka mtu akausafishe uwanja wa Chamazi kabla hatujafika.

Binti alisikia habari za kamati hiyo, maana mwenyekiti wake alikuwa baba yake. Akaja kutuuliza maswali ambayo mwalimu alikuwa amewazoesha kuuliza darasani: siku ya bonanza nani hula nini, na hula saa ngapi? Tukamwambia bila kufikiri. Wageni wanapofika hupokelewa kwa vigelegele, wanaketishwa kwenye turubai, wanaletewa supu, chapati, mihogo, maandazi, soda, na wakisema wameshiba wanaongezwa. Kukataa ni tusi. Na wenyeji je? Wenyeji hawali, umeona wapi mwenyeji anakula wageni hawajamaliza? Wanazunguka na miiko na makarai, wanahudumia, wanachangamka. Halafu? Halafu tunavuta kamba. Binti alituangalia mmoja mmoja, na nadhani aling'ata ulimi ili asituchekee wakubwa zake. "Hakuna kilichofukiwa uwanjani," alisema. "Kimefukiwa tumboni mwenu."

Miaka yote hiyo tulikuwa tunapekua mchanga, kumbe dawa ilikuwa inaletwa kwenye bakuli, ina pilipili na ndimu, nasi tunaomba iongezwe. Lakini kuijua dawa si kuitapika. Baba yake alilisema tatizo waziwazi: "Mwanangu, sie hatuwezi kwenda kwa watu tukakataa chakula chao. Watasema tunawaogopa, au tunawaona wachafu. Hapo hakuna tena bonanza, kuna ugomvi." Na wengine wakaongeza lililokuwa kweli kabisa, kwamba ugomvi ukitokea, wazazi wote watasema umeletwa na somo la mwalimu, na mkutanoni kile kipindi kitazikwa kwa makofi. Tukaenda kwa mwalimu kundi zima. Tukamwambia ni kazi yako hii iko hatarini, mwambie mtoto atuache tule. Alimenya karanga yake taratibu, na safari hii akasahau kuila. "Mmeshamuuliza kocha?"

Tulikwenda Chamazi hatujui tutafanya nini. Binti alikuwa ametulisha mapema asubuhi, kila mtu viazi vitamu na chai, ndizi mbivu mkononi. Mwalimu alikuja na mkewe, mama mmoja mchangamfu ambaye kila Jumamosi hutupikia uji wa ulezi tukipita kwao. Mwalimu alichukua kreti la soda, akaliweka ukingoni mwa uwanja, akakaa akiupa uwanja mgongo. Nilimuuliza kulikoni. "Mtihani si wangu," alisema. "Nikiangalia nitapiga kelele, na nikipiga kelele nimemfanyia." Mkewe akakaa naye, yeye akiutazama uwanja, awe macho ya mumewe.

Vigelegele vikaanza. Masufuria yalikuwa yamepangwa, harufu ya ule mchuzi ikanifikia. Mwenyekiti wa wenyeji, bibi mmoja mwenye sauti ya kuongoza harusi, akanyoosha mkono kutuonyesha turubai. Hapo ndipo binti yetu alipotoka mbele akapiga magoti mpaka chini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Bibi, sie tumetumwa na wazee wetu tuna ombi. Kila tukija nyie ndio mnahangaika, mnakula mwisho, tena vya chini ya sufuria. Roho zinatuuma. Leo tunaomba miiko. Nyie kaeni, sie tuwahudumie."

Bibi alimkabidhi mwiko wake. Kukataa kuhudumiwa na wageni waliokuja kwa adabu namna ile kungekuwa aibu kubwa kuliko kukataa supu. Wanawake wa Chamazi wakapiga kigelegele kingine, kikubwa kuliko cha kwanza, na kabla hakijakatika sisi tulikuwa tumeshawaketisha. Muuza supu wetu alivua saa, akakunja mikono ya fulana, akaingia kwenye kazi yake. Mtu yule amehudumia supu maisha yake yote, lakini sijawahi kumuona akihudumia kama siku ile. "Ongeza mzee, ongeza, huu mfupa una uboho mpaka ndani. Mama, chapati moja unamwachia nani? Haya, soda hiyo isipate joto." Alikuwa anawalisha watu kwa upendo huku machozi ya uchu yanamlenga, kwa sababu ile supu, aliniambia baadaye, ilikuwa nzuri kuliko yake.

Kisha tukavuta kamba. Mimi niliwekwa mwisho kabisa, kamba imezungushwa kiunoni, kwa sababu ya kitambi ambacho kocha aliniambia kwa heshima zote kwamba "anko, siku moja kitakufaa." Tulivuta kwa mapigo ya mchakamchaka kama alivyotufundisha kwenye matairi, wote kwa pamoja, halafu tunatulia, halafu tena. Upande wa pili kulikuwa na wanaume wenye mabega mapana kuliko yetu, wamejaa makongoro hadi kooni, wanacheua. Nilimsikia mke wa mwalimu akitangaza kama redio: "Wamekaa chini! Hapana, wameinuka! Baba, wanakuja, wanakuja, mzee wa gazeti amelala kama ng'ombe, wamewavuta!" Mwalimu hakugeuka. Mabega yake tu yalikuwa yanacheza, na mkewe aliponyanyuka kuja kumkumbatia kocha wetu, ndipo nilipomuona mwalimu amejifunika uso kwa viganja viwili, anacheka kwa kwikwi.

Lakini hakutuacha tuondoke na ushindi wetu kimyakimya. Alimwita binti akamnong'oneza kitu, na ilikuwa mara ya pekee nilipomuona akimpa kocha maelekezo. Binti alirudi kwa yule bibi akamweleza yote, supu, kamba, na miaka yote ya kufukia kisichokuwepo. Nilijiandaa kukimbia. Bibi alisikiliza, akauliza, "Kwa hiyo mlipotulisha mlikuwa mnatuchinja?" Binti akasema ndiyo bibi, tunaomba radhi. Bibi alianza kucheka kutoka tumboni mpaka akashikiliwa, akasema basi na nyie kaeni mle, mie nisife na deni la adabu. Tulikula wote mpaka jua likasogea. Tangu mwaka ule, kwetu na kwao, kamba huvutwa kwanza na sufuria hufunguliwa baadaye, na safari hizi mgeni hushinda na mwenyeji hushinda, ilivyotokea.

Mkutano wa wazazi ulipofika, mkuu wa shule alieleza habari za hisabati kwa takwimu zake. Alipomaliza, muuza supu alisimama. Alisema yeye hisabati anaiheshimu, lakini bintiye amemfundisha kula, kupumzika na kuacha kutafuta wachawi kwenye mchanga, vitu ambavyo yeye kama baba alitakiwa avijue tangu zamani. Akakaa. Nyuma yake walisimama wengine. Kipindi kilibaki, na hisabati ikatafutiwa muda wa jioni.

Nimelifikiria jambo hili sana wiki hii. Sisi wazazi wa mjini tunapeleka watoto shule kama tunavyopeleka nguo kwa fundi: tunaiacha pale, tunarudi kuichukua imeshonwa. Mtoto anarudi na elimu kichwani, tunamuuliza alama ngapi, basi. Hakuna anayemuuliza amejifunza nini kinachoweza kutusaidia hapa nyumbani, wala hakuna anayekaa chini afundishwe. Mwalimu yule aliligeuza hilo kwa ujanja mdogo tu, na la ajabu ni kwamba heshima haikupungua. Tuliamkiwa shikamoo kila siku, kisha tukaamrishwa kuvuta matairi.

Msibani wapo walioulizana chinichini, mwalimu wa mazoezi anakufaje? Aliugua kwa muda mfupi, akaondoka, kama wanavyoondoka wengine. Tulimzika hapa hapa Temeke kama alivyotaka. Na Jumamosi iliyofuata klabu yetu ilikimbia kama kawaida, tukaenda kumalizia kwake, kumpa pole mkewe tena. Tulikuta sufuria la uji wa ulezi liko mekoni. Mama yule alikuwa amesimama na mwiko, kanga kiunoni, macho yamemvimba, anatupimia uji kama Jumamosi zote. Dada zake walituambia pembeni kwamba tangu siku ya msiba hajaweka kitu cha maana mdomoni, na kila anayemwambia akae anamwambia wageni hawajala. Tulishika vikombe vyetu tukaona aibu kunywa.

Kocha wetu alikuwepo. Siku hizi ni mwalimu, tena katika shule ile ile, na kipindi anachofundisha ni kile kile kilichokaribia kuliwa. Alipita katikati yetu, akaenda mpaka mekoni, akapiga magoti. "Shikamoo mama. Kila tukija wewe ndiye unahangaika. Leo tunaomba mwiko."

Mama alimtazama. Nilimuona akilikumbuka neno moja baada ya jingine, uso unafunguka polepole, na kisha akacheka, kicheko cha tumboni kama cha yule bibi wa Chamazi, machozi yanamwagika. "Haya," alisema, "na kamba iko wapi?" Akauachia mwiko. Muuza supu alimletea kiti, mimi nikamenya ndizi, kocha akamimina uji na kukaa chini miguuni pake mpaka bakuli likaisha. Lilipoisha, mama aliomba la pili, akataka na sukari. Watu wote tukamgeukia kocha kuona atasema nini. Kocha aliinuka mwenyewe kwenda kuitafuta sukari.

Ndugu zangu, kila nyumba ina mtu mmoja ambaye siku zote husimama na mwiko, na sisi tunakula tukimsifu. Mpokonyeni huo mwiko leo, akiwa hai na ana njaa, mkae naye mpaka amalize. Kama hamjui pa kuanzia, muulizeni mtoto wenu wa kidato cha tatu.